Skeli katika michoro ya kiufundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina mbili. Kuna wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya Nakuru, Kisumu na Kakamega wanaojiandaa kwa mtihani wa uchoraji, na kuna mafundi ambao tayari wana kazi mkononi na ramani waliyotumiwa kwa simu. Wanafunzi huuliza skeli inachorwaje. Mafundi huuliza mbona ukuta hauingii pale ramani inaposema uingie. Tumeyachanganya kwa makusudi, maana mwanafunzi wa leo ndiye fundi wa mwaka ujao.

Skeli ni nini, na 1:50 inatofautianaje na 50:1?

Skeli ni uwiano kati ya urefu uliochorwa na urefu halisi wa kitu, vyote viwili vikiwa katika kipimo kimoja. Namba ya kwanza ni ya karatasi, ya pili ni ya kitu. Katika 1:50, milimita 1 ya karatasi inasimamia milimita 50 za ukuta. Katika 50:1 mambo yamepinduka: milimita 50 za karatasi zinasimamia milimita 1 tu, na hapo unachora kitu kidogo mno, kama tundu la jeti ya kabureta ya bodaboda. Skeli ya 1:1 ni saizi kamili.

Wengi hukwama kwenye hayo maneno "kipimo kimoja". Ukiambiwa sentimita 2 zinawakilisha mita 5, usiandike 2:5. Geuza mita ziwe sentimita, upate 500, kisha rahisisha 2:500 iwe 1:250. Uwiano huu ndio walimu huuandika R.F. (kifupi cha Kiingereza "representative fraction") ubaoni. Hauna mm wala cm nyuma yake, ukiziweka umeuharibu.

Kati ya 1:50 na 1:50,000, skeli kubwa ni ipi?

Ni 1:50. Sehemu moja ya hamsini ni kubwa kuliko sehemu moja ya elfu hamsini. Skeli kubwa huonyesha eneo dogo kwa undani. Skeli ndogo huonyesha eneo kubwa kwa juujuu. Ramani za nchi za 1:50,000, zile za idara ya upimaji ya serikali, hutumia sentimita 2 kwa kila kilomita, kwa hiyo shimo la Menengai lenye upana wa kilomita 12 hivi hukaa katika sentimita 24 za karatasi. Kwa 1:50, sentimita 24 hizo hizo ni mita 12, labda urefu wa nyumba moja ya kupangisha kule chini yake.

Nimechora kwa 1:20. Niandike kipimo cha kitu au cha mstari wangu?

Cha kitu, siku zote. Geti la milimita 3658 huandikwa 3658 hata kama mstari wake kwenye karatasi ni milimita 183. Pembe nazo hazibadiliki: nyuzi 30 ni nyuzi 30 katika skeli yoyote. Maandishi pia hayapunguzwi. Herufi za milimita 2.5 au 3.5 hubaki hivyo uwe unachora bolti au daraja.

Nichague skeli gani?

Anza na kitu na karatasi, si na skeli uipendayo. Tuchukue geti la futi 12 kwa futi 7, ambalo fundi yeyote wa soko la Kibuye, Kisumu, ameshalichomelea mara nyingi. Kwa mita ni 3.658 kwa 2.134. Kwa 1:10 linakuwa milimita 365.8 kwa 213.4. A4 ni 210 kwa 297, halitoshi. A3 ni 297 kwa 420, linatosha, na nafasi ya vipimo ipo. Kama una A4 peke yake, shuka hadi 1:20: milimita 182.9 kwa 106.7, nalo litakaa vizuri karatasi ikilazwa.

Shirika la viwango la kimataifa lina orodha yake katika kiwango cha ISO 5455. Kupunguza: 1:2, 1:5, 1:10, 1:20, 1:50, 1:100, 1:200, 1:500, 1:1000 na kuendelea. Kukuza: 2:1, 5:1, 10:1, 20:1, 50:1. Kumbuka mtindo wake, 1, 2, 5, kisha ongeza sufuri. Kwa nyumba, desturi ni 1:100 au 1:50 kwa ramani ya sakafu, 1:200 au 1:500 kwa ploti nzima, na 1:20, 1:10 au 1:5 kwa maungio madogo. Ploti ya hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, ni mita 15.24 kwa 30.48. Kwa 1:100 upande mrefu unakula milimita 304.8 na A4 inashindwa kwa milimita chache tu. Kwa 1:200 ni 76.2 kwa 152.4 na nafasi inabaki.

Mwalimu, mbona tunafundishwa kuchora skeli ilhali rula ya pembe tatu inauzwa dukani?

Swali hili halikosi kila mwaka. Ni swali la haki, na jibu la vitabuni, kwamba huenda rula haina skeli unayoitaka, ni la kweli ila ni dhaifu.

Jibu lenye uzito ni hili. Maneno "Skeli 1:100" yaliyoandikwa pembeni mwa mchoro ni kweli kwa karatasi ile ya kwanza tu. Mchoro ukipigwa picha, ukatumwa kwa WhatsApp, ukaprintiwa saiba, ukatolewa kopi, namba ile haibadiliki ilhali mistari yote imebadilika. Lakini mstari wa skeli uliochorwa ndani ya mchoro wenyewe hupungua na kuongezeka pamoja na kuta, milango na madirisha. Ukikunjwa unakunjwa nao, ukinyweshwa unyevu wa ziwani unavimba nao. Rula yako ya dukani haijui lolote kuhusu saiba uliyopitia.

Ndiyo maana tunasisitiza kila mchoro uwe na mstari wa skeli, hata ule uliochorwa kwa kompyuta. Skeli iliyochorwa ilikuwa na maana zamani kwa sababu ya karatasi. Leo ina maana zaidi kwa sababu ya simu.

Skeli sahili inachorwaje?

Skeli sahili husoma vipimo viwili vinavyofuatana, kwa mfano mita na desimita. Tuchukue 1:30, inayofika mita 6. Haimo kwenye orodha tuliyoitaja, na ndiyo sababu watungaji wa mitihani wanaipenda: hakuna rula itakayokusaidia.

Kwanza tafuta urefu wa skeli yenyewe. Ni uwiano mara urefu mkubwa zaidi unaotaka kupima: milimita 6000 gawanya kwa 30, jibu milimita 200. Chora mstari wa milimita 200, kisha mwingine sambamba nao milimita 5 hivi juu yake, uzibe ncha. Gawanya katika vipande 6 vilivyo sawa. Kila kipande ni mita 1. Kipande cha kwanza kushoto kigawanye tena katika 10. Kila kimoja ni desimita 1, yaani sentimita 10.

Sasa namba. Sufuri haikai mwanzo wa mstari. Inakaa mwisho wa kipande cha kwanza, pale kilichogawanywa kinapokutana na vizima. Kulia kwake andika 1, 2, 3, 4, 5. Kushoto, kwenye vipande vidogo, hesabu 1 hadi 10 ukirudi nyuma. Andika "mita" upande wa kulia na "desimita" upande wa kushoto, na katikati chini weka 1:30.

Kwa nini sufuri iko hapo katikati?

Ili upime kwa hatua moja ya divaida, ile bikari yenye ncha mbili za chuma. Unataka mita 4.7: ncha moja kwenye 4 kulia, nyingine kwenye 7 kushoto, kisha unahamisha divaida kwenye mchoro. Hakuna kujumlisha. Sufuri ingekuwa mwanzoni kabisa, ingebidi ugawanye kila mita katika desimita, vistari vingi visivyo na kazi, ama upime mara mbili. Ukiangalia vizuri, umbali kati ya zile ncha ni milimita 156.7, sawa na 4700 gawanya kwa 30. Hapo utajua umeichora sawasawa.

Nashindwa kugawa milimita 200 katika vipande 6. Kila kimoja kinakuja 33.333.

Usitumie hesabu, tumia jiometri. Kutoka ncha ya kushoto ya mstari, chora mstari mwingine mwembamba ukiinama kwa pembe kali, nyuzi 30 au 40 hivi, haijalishi. Fungua divaida kiasi chochote kinachokufaa, tuseme milimita 30, na utembeze hatua 6 juu ya mstari huo ulioinama. Hatua zote ziwe sawa. Urefu wake hauna maana. Unganisha alama ya 6 na ncha ya kulia ya mstari wako wa 200. Kisha weka seti-skwea mbili (zile bapa za umbo la pembetatu), moja imeshikwa imara, nyingine inateleza, uchore mistari sambamba na ule wa mwisho ukipitia alama za 5, 4, 3, 2 na 1. Mahali inapokata mstari wa 200 ndipo mipaka ya vipande.

Makosa hutokea kwenye kuteleza. Seti-skwea ya chini ikisogea hata kidogo, mistari yako haiko sambamba tena na kipande cha mwisho kinakuwa kinene kuliko cha kwanza. Bonyeza ya chini kwa viganja, ya juu kwa vidole. Penseli iwe 2H iliyochongwa ncha bapa, na toboa alama za divaida kidogo tu. Tundu pana huficha nusu milimita nzima.

Skeli ya mshazari inatofautianaje na sahili?

Inasoma vipimo vitatu: kwa mfano mamia ya mita, makumi na mita moja moja. Hapa ndipo uchoraji wa skeli unakuwa sanaa, na mwanafunzi anapaswa kupaelewa, si kupakariri.

Tuseme unataka skeli ya 1:4000 inayofika mita 600 na kusoma mita moja moja. Urefu wake ni 600,000 gawanya kwa 4000, milimita 150. Vipande vikubwa 6 vya milimita 25, kila kimoja mita 100. Kipande cha kushoto kimegawanywa 10, kila kimoja mita 10, yaani milimita 2.5. Sasa unataka mita 1, ambayo ni robo milimita. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kugawa milimita 2.5 katika sehemu 10 kwa penseli. Mshazari unakufanyia.

Juu ya mstari wa msingi chora mistari 10 sambamba, ikiachana kwa nafasi sawa. Milimita 5 ni nzuri. Simamisha mistari wima kwenye mipaka ya vipande vikubwa. Gawanya pia ukingo wa juu wa kipande cha kushoto katika 10, kama wa chini. Kisha unganisha kwa mshazari: sufuri ya chini na 10 ya juu, 10 ya chini na 20 ya juu, hivyo hivyo hadi 90 ya chini na 100 ya juu. Mishazari yote itakuwa sambamba. Kama haiko, umeruka alama mahali.

Tazama kwa makini ule mshazari wa kwanza na mstari wima wa sufuri. Vinaanzia pamoja chini na juu kabisa vimeachana milimita 2.5. Kwenye mstari wa kwanza vimeachana robo milimita, wa pili nusu milimita, wa saba milimita 1.75. Ni pembetatu zinazofanana, zote zikishiriki kona ile ya chini, na kila ngazi inaongeza sehemu moja ya kumi. Kugawa ambako kusingewezekana kwa usawa wa karatasi kumewezekana kwa kupanda juu.

Kusoma mita 467: tembea kwenye mstari wa ulalo wa 7, kutoka mstari wima wa 400 hadi mshazari unaoanzia 60. Hiyo ni 400, na 60, na 7. Ukipima kwa rula ya kawaida utapata milimita 116.75, kadiri macho yako yanavyoweza kuona.

Wenye kupenda historia wajue kwamba Tycho Brahe, mwanaastronomia wa Denmaki wa karne ya 16, alikuwa na mishazari ya aina hii kwenye vyombo vyake vya kupimia nyota.

Na kama vipimo ni yadi, futi na inchi?

Idadi ya vipande hufuata kipimo, si mazoea. Yadi ina futi 3, kwa hiyo kipande cha kushoto hugawanywa 3. Futi ina inchi 12, kwa hiyo mistari sambamba ya kupanda juu ni 12. Wanafunzi waliozoea kumi huchora 10 hapa na skeli nzima inakuwa ya uongo ingawa inapendeza macho.

Ramani iko kwa milimita, fundi wangu anaongea futi. Nifanyeje?

Mchoree skeli linganishi: mistari miwili yenye uwiano mmoja, sufuri zikiwa wima moja juu ya nyingine, wa juu kwa mita na wa chini kwa futi. Kwa 1:50, mita 5 huchukua milimita 100. Futi 15 ni mita 4.572, kwa hiyo huchukua milimita 91.44, na unazigawa vipande 15 kwa ule ufundi wa mstari ulioinama. Jaribio la haraka: futi 10 lazima ziangukie kulia kidogo tu mwa mita 3, chini ya milimita 1, kwa kuwa futi 10 ni mita 3.048. Zikiangukia kushoto, kuna mahali umekosea.

Anayekarabati majengo ya enzi ya ukoloni atakutana na michoro iliyoandikwa "inchi ya robo kwa futi". Futi ina robo-inchi 48, basi hiyo ni 1:48. Si 1:50, ingawa wengi huichukua hivyo. Kwenye ukuta wa mita 12, tofauti ni nusu mita.

Skeli ya vernia ina haja gani kwenye uchoraji?

Kazi yake ni ile ile ya mshazari, ila inachukua nafasi ndogo kwa kuwa haipandi juu. Imepewa jina la Mfaransa Pierre Vernier aliyeieleza mwaka 1631. Kwenye karakana mnaijua kupitia kalipa: milimita 49 zimegawanywa 50, na tofauti ya kipande kimoja kwa kingine, milimita 0.02, ndiyo kipimo kidogo kabisa inachosoma.

Kwenye karatasi, chukua skeli yetu ya 1:4000. Skeli kuu yote imegawanywa kwa mita 10. Kushoto kwa sufuri, chukua urefu wa vipande 11, yaani mita 110, uugawe katika 10. Kila kimoja ni mita 11. Ili kupata 467, tafuta kipande cha vernia kinachoishia na 7: cha saba, mita 77. Toa 77 kutoka 467, inabaki 390. Basi pima kutoka 77 ya vernia hadi 390 ya skeli kuu. Ukiielewa kutoa huko, umemaliza.

Nimesahau kipimapembe. Kuna namna ya kuchora nyuzi 40?

Ipo, skeli ya ugwe. Chora robo duara, gawa tao lake katika sehemu 9 za nyuzi 10, kisha kwa bikari iliyosimama kwenye ncha moja ya tao, shusha kila alama hadi mstari wa msingi. Unachopata ni urefu wa mstari ulionyooka unaounganisha ncha mbili za tao la kila pembe. Vipande vyake havilingani: kwa nusukipenyo cha milimita 100, kutoka 0 hadi 10 ni milimita 17.4, lakini kutoka 80 hadi 90 ni 12.9 tu. Usijaribu kuvisawazisha.

Kuitumia: fungua bikari kutoka 0 hadi 60 ya skeli, uchore tao. Nafasi ya 0 hadi 60 siku zote ni sawa na nusukipenyo. Kisha fungua 0 hadi 40, katika mfano wetu milimita 68.4, ukate tao hilo. Unganisha na kitovu.

Niliprinti ramani saiba, vipimo vikakataa. Kosa ni la nani?

Mara nyingi ni la kitufe cha kutosheleza ukurasa. Mchoro wa A3 ukiprintiwa kwenye A4 hupungua hadi asilimia 70.7, na 1:100 yako sasa ni karibu 1:141. Chumba cha mita 3.6 ukikipima kwa rula ya 1:100 utasoma mita 2.55, na hilo angalau utalishtukia. La hatari zaidi ni lile dogo: printa ikipunguza kwa asilimia 3 ili kuacha ukingo, mita 3.6 inasomeka 3.49. Hakuna anayeshtuka, na kitanda ndicho kinachogundua.

Dawa ni kupima mstari wa skeli kabla ya kitu kingine chochote. Kama mstari wa mita 5 kwa 1:100 ulipaswa kuwa milimita 50 na unapima 35.4, gawa 5000 kwa 35.4 upate skeli mpya. Au acha hesabu na utumie mstari wenyewe kwa divaida. Ndiyo kazi yake. Mwambie kijana wa saiba aprinti kwa asilimia 100, na usiondoke kabla hujaweka rula.

Na juu ya yote, namba iliyoandikwa hushinda mstari uliopimwa. Mchoro ukisema 3600, ni 3600 hata mstari useme vingine. Kupima kwa skeli ni kwa yale ambayo mchoraji hakuyaandika, na kama ni makubwa, mpigie simu kwanza.

Ramani haina skeli wala mstari wa skeli. Imekwisha?

Bado. Tafuta kipimo kirefu zaidi kilichoandikwa. Kama 7200 inachukua milimita 96, skeli ni 1:75. Usitumie mlango wa 900 ambao kwenye karatasi ni milimita 12: ukikosea nusu milimita hapo, umekosea asilimia 4, ukikosea nusu milimita kwenye 96, ni nusu asilimia. Pasipo namba yoyote, tafuta kitu kinachojulikana. Reli ya zamani inayotoka Nakuru kwenda Kisumu ina upana wa mita 1 kati ya vyuma vyake. Ikiwa mchoro wa stesheni unaionyesha kwa milimita 5, uko kwenye 1:200. Lakini kama mchoro umeandikwa kwamba haukuchorwa kwa skeli, amini hivyo na uache divaida mfukoni.

Eneo linabadilikaje?

Kwa mraba wa skeli. Kwa 1:100, sentimita 1 ya mraba ni mita 1 ya mraba. Kwa 1:2500, ni mita 625 za mraba.

Tunagombania mpaka wa shamba na jirani. Tunaweza kupima kwenye ramani ya ofisi ya ardhi?

Mnaweza kupima, ila msigombane kwa jibu mtakalopata. Kwa 1:2500, ploti ya hamsini kwa mia ni milimita 6.1 kwa 12.2, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 1.25 za ardhi. Kwa hiyo mstari wenyewe ni mpana kuliko ule ukingo wa ua mnaougombania. Hata sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 inaichukua ramani hiyo kuwa inaonyesha mipaka kwa makadirio, isipokuwa pale rejista inapoonyesha kwamba mipaka imepimwa na kuthibitishwa. Tafuteni mpima ardhi aliyesajiliwa, na mzozo upelekwe kwa msajili wa ardhi.

Siku hizi tunachora kwa kompyuta. Skeli ina nafasi bado?

Kwenye programu unachora kila kitu kwa saizi kamili, 1:1, ukuta wa mita 12 ukiwa 12,000. Skeli inaingia pale unapopanga ukurasa wa kuprinti. Kwa hiyo haijaondoka, imesogea tu hadi mwisho, na kwa kusogea huko wengi huisahau. Panga ukubwa wa maandishi kulingana na ukurasa, la sivyo herufi zitaonekana kama vumbi. Na weka mstari wa skeli, tafadhali.

Fundi wangu hachori kwenye karatasi, anachora geti sakafuni kwa chaki. Anakosea?

Hapana. Hiyo ni 1:1, skeli isiyohitaji kugeuza hesabu, nayo hufaa hasa kwa maua ya grili na matao ambayo lazima chuma kikunjwe juu ya mstari. Kasoro yake ni kwamba mchoro unafagiliwa jioni na mteja hana cha kukubali kabla chuma hakijakatwa. Atumie vyote viwili: karatasi ya 1:20 kwa mapatano, chaki kwa kazi. Na kabla ya kuchomelea apime kona kwa kona pande zote mbili. Kwa futi 12 kwa 7, kila mshazari uwe mita 4.234, yaani futi 13 na inchi karibu 10 na robo tatu. Zikitofautiana, geti limepinda, na ni rahisi kufuta chaki kuliko kukata weldi.